Kiendelezi cha kivinjari kikinyamaza baada ya sasisho: kisifutwe kabla sababu haijajulikana

Mtumiaji wa kompyuta anafungua kivinjari asubuhi na kukuta kimejisasisha chenyewe usiku. Kurasa zinafunguka kama kawaida. Lakini ile alama ndogo iliyozoea kukaa juu, pembeni mwa upau wa anwani, ya programu inayomtafsiria magazeti ya nchi jirani, inayomtunzia manenosiri au inayomzuilia matangazo ya biashara, haipo tena. Au ipo, ila imefifia na haiitikii inapobofywa. Wengi hufanya jambo moja papo hapo: huifuta programu hiyo ili waisakinishe upya. Mara nyingi kitendo hicho ndicho kinachogeuza hitilafu ya saa chache kuwa hasara ya kudumu.

Kiendelezi kilichonyamaza baada ya sasisho kwa kawaida hakijaharibika. Kimezimwa. Faili zake bado zimo ndani ya kompyuta, na pamoja nazo kila kitu ambacho mtumiaji alikihifadhi humo: orodha ya kurasa alizoziweka akiba, maelezo aliyoyaandika, kanuni alizozipanga kwa miezi, wakati mwingine hata funguo za pochi ya fedha za kidijitali. Kukizima kiendelezi hakugusi vitu hivyo. Kukifuta huondoka navyo. Kwa hiyo swali la kwanza ni nani aliyekizima na kwa sababu gani. Kukirejesha ni swali la pili.

Maneno mawili yanayochanganywa

Katika mazungumzo ya kila siku, watu huita programu-jalizi kila kitu kinachoongezwa kwenye kivinjari. Mafundi hutofautisha. Programu-jalizi, kwa maana ya awali, ilikuwa programu kamili iliyosakinishwa kwenye kompyuta yenyewe na kuitwa na kivinjari kilipokutana na faili kisichoweza kuifungua chenyewe. Flash, Java na Silverlight zilikuwa za jamii hiyo. Kiendelezi ni kitu chepesi zaidi: mkusanyiko wa faili unaoishi ndani ya kivinjari, unaopatikana kutoka kwenye duka la kivinjari hicho, na unaoweza kufanya yale tu ambayo kivinjari kimeyaruhusu.

Tofauti hiyo ina maana kwa anayetafuta tiba. Jalizi za zamani hazirudi tena. Chrome iliacha kuzipokea kabisa katika toleo la 45, Septemba 2015. Firefox ilizikataa katika toleo la 52, Machi 2017, ikaibakiza Flash peke yake. Flash nayo ilikoma tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ilijizuia yenyewe kuonyesha chochote, ingawa kampuni ya Adobe ilikuwa imetoa taarifa tangu Julai 2017. Miaka mitatu na nusu ya onyo haikuwatosha wote. Mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini, SARS, ambayo baadhi ya fomu zake za kodi zilikuwa bado zinategemea Flash, ililazimika mwezi huohuo wa Januari kutoa kivinjari chake maalumu ili walipa kodi waweze kuzijaza. Anayeambiwa leo na tovuti fulani apakue Flash ili atazame video anapaswa kujua kwamba anapewa kitu kingine, na kwamba kitu hicho huenda ni kirusi.

Yanayofuata hapa yanahusu viendelezi.

Usiku wa Mei 2019

Hakuna tukio lililoonyesha hatari ya kufuta kwa haraka kuliko lile la tarehe 4 Mei 2019. Muda mfupi baada ya saa saba usiku kwa saa ya kimataifa, yaani saa tisa usiku Kigali na Bujumbura, na saa kumi alfajiri Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, viendelezi vya Firefox vilianza kuzimika duniani kote. Watumiaji waliona ujumbe kwamba viendelezi vyao havikuweza kuthibitishwa na kwa hiyo vimezimwa. Wengi walidhani sasisho ndilo lililoviharibu. Hakukuwa na sasisho lolote. Kilichotokea ni kwamba cheti kimoja kilikuwa kimefikia mwisho wa muda wake.

Tangu mwaka 2016, Firefox ya kawaida haikubali kiendelezi kisichotiwa saini na shirika la Mozilla, ambalo ndilo linaloitengeneza. Saini hizo hupangwa kwa ngazi. Juu kabisa kuna cheti cha mzizi, ambacho ufunguo wake hutunzwa nje ya mtandao. Chini yake kuna cheti cha kati, kinachofanya kazi ya kila siku. Chini ya hicho kuna saini ya kila kiendelezi. Ni mfano wa hati za viwanja zilizotiwa mhuri na msajili wa wilaya kwa idhini ya wizara: siku idhini ya msajili inapokoma bila kuhuishwa, karani mwenye kufuata sheria neno kwa neno ataikataa kila hati iliyopita mikononi mwa msajili huyo, hata kama viwanja vipo na wenyewe wanajulikana. Usiku ule, cheti cha kati ndicho kilichokoma. Mozilla ilikiri baadaye kwamba kosa lilikuwa lake.

Jambo lililowakanganya watu ni kwamba hitilafu haikuwafikia wote kwa wakati mmoja. Firefox hukagua saini za viendelezi karibu kila baada ya saa 24, na kila kompyuta ina saa yake ya ukaguzi. Mtu mmoja alipoteza viendelezi vyake dakika ileile. Jirani yake, mwenye toleo lilelile, aliendelea kuvitumia hadi jioni. Ndiyo maana ushauri wa aina ya "kwangu kinafanya kazi, basi tatizo ni kompyuta yako" ulienea haraka na kupotosha wengi.

Wahandisi walianza kwa kusambaza maelekezo ya kuahirisha ukaguzi, ili wale ambao hawajafikiwa wasifikiwe. Kisha walitengeneza cheti kipya cha kati, chenye jina na ufunguo uleule wa kile cha zamani, ili saini zote zilizokwisha kutolewa ziendelee kutambuliwa bila kutiwa upya moja baada ya nyingine. Cheti hicho kilisambazwa kwa njia ambayo Mozilla huitumia kwa majaribio ya ndani ya kivinjari, na tarehe 5 Mei toleo la 66.0.4 lilitolewa kwa wale ambao njia hiyo haikuwafikia. Kwa kuwa baadhi ya watumiaji walilazimika kuruhusu ukusanyaji wa takwimu ili wapate tiba, shirika liliahidi kufuta takwimu zilizokusanywa katika siku hizo. Hatua hiyo ilistahili heshima.

Waliosubiri walirudishiwa viendelezi vyao pamoja na data yake. Waliofuta na kujaribu kusakinisha upya walikuta milango miwili imefungwa: kiendelezi kipya hakikukubalika kwa kuwa saini ilikuwa bado inakataliwa, na data ya kile cha zamani ilikuwa imeondoka. Mozilla iliwasihi watumiaji wasifute, lakini ujumbe huo ulifika baada ya wengi kufuta. Hata miongoni mwa waliosubiri, viendelezi vinavyotenganisha akaunti katika makasha tofauti vilipoteza sehemu ya mpangilio wake, na mipangilio ya ukurasa wa mwanzo iliyowekwa na viendelezi ilifutika.

Kulikuwa na hatari nyingine iliyozungumzwa kidogo. Kivinjari cha Tor, ambacho waandishi wa habari na wanaharakati hukitumia kuficha utambulisho wao, kimejengwa juu ya Firefox na hutegemea kiendelezi kiitwacho NoScript kutekeleza viwango vyake vya juu vya usalama. Nacho kilizimika. Mtu aliyedhani amejikinga alikuwa hajakingwa, na kivinjari kiliendelea kufungua kurasa kana kwamba hakuna kilichobadilika. Kiendelezi cha tafsiri kikikosekana, pengo linaonekana mara moja. Kiendelezi cha ulinzi huondoka kimyakimya.

Mkasa huo ulikuwa na ndugu yake. Tarehe 14 Machi 2025 cheti cha mzizi chenyewe kilifikia mwisho wa muda wake. Safari hii Mozilla ilitoa onyo mapema: Firefox iliyo chini ya toleo la 128, au chini ya 115.13 katika tawi la muda mrefu, ingepoteza viendelezi vyake. Kwa hiyo kompyuta iliyoachwa bila kusasishwa kwa hofu ya kuharibu viendelezi ndiyo iliyoviharibu. Kompyuta za zamani zenye Windows 7 na Windows 8, ambazo bado zinaonekana katika ofisi na maduka ya intaneti, haziwezi kupokea matoleo mapya ya Firefox, lakini tawi la 115 lilitengewa masahihisho kwa ajili yake. Mwenye mashine kama hiyo anayeona viendelezi vyote vimekufa kwa pamoja aangalie kwanza nambari ya toleo la kivinjari chake.

Kilichozimwa moja kwa moja

Kuna viendelezi ambavyo kusubiri hakutavirudisha. Tarehe 14 Novemba 2017 Firefox 57 ilikuja na msingi mpya, na kila kiendelezi kilichoandikwa kwa mtindo wa zamani kilikoma siku hiyo. Baadhi ya watengenezaji waliandika upya kazi zao: NoScript ilirudi baada ya siku chache, na DownThemAll, iliyopendwa na wapakuaji wa faili kubwa, ilirudi mwaka 2019 ikiwa na uwezo pungufu. Nyingine hazikurudi kamwe.

Chrome ilipita njia kama hiyo kwa mwendo wa pole zaidi. Kila kiendelezi hubeba hati ndogo inayoeleza kinachoruhusiwa kufanya, na Google ilitangaza kwamba mfumo wa pili wa hati hiyo utaachwa kwa ajili ya wa tatu, unaojulikana kama Manifest V3. Kuanzia Juni 2024 maonyo yalianza kuonekana kwenye matoleo ya majaribio. Katika miezi iliyofuata viendelezi vya mfumo wa pili vilianza kuzimwa kwa watumiaji wa kawaida, na kwa kipindi fulani mtumiaji aliweza kuviwasha tena. Katikati ya mwaka 2025 nafasi hiyo iliondolewa.

Aliyeguswa zaidi na badiliko hilo ni mtumiaji wa uBlock Origin, kizuia-matangazo cha Raymond Hill. Katika mfumo wa pili, kiendelezi kiliweza kulisimamisha kila ombi linalotoka kwenye ukurasa, kulichunguza, kisha kuliruhusu au kulikataa. Katika mfumo wa tatu, kiendelezi hukabidhi orodha ya kanuni na kivinjari chenyewe hufanya maamuzi. Google ilisema hatua hiyo inalinda faragha na kasi. Wapinzani wake waliona kwamba kampuni inayoishi kwa matangazo imepunguza nguvu za wanaoyazuia. Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake. Kwa mtumiaji, matokeo ni kwamba uBlock Origin kamili haipo tena kwenye Chrome. Iliyopo ni uBlock Origin Lite, ya mtengenezaji yuleyule lakini yenye uwezo mdogo, na haiji yenyewe: lazima isakinishwe. Firefox imeendelea kupokea mifumo yote miwili. Anayetafuta mbadala ajihadhari na majina: uBlock na uBlock Origin ni vitu viwili vyenye wamiliki tofauti, na duka lolote la viendelezi limejaa majina yanayofanana.

Namna ya kutafuta sababu

Hatua ya kwanza ni nyepesi kiasi cha kudharauliwa. Kiendelezi kinapojisasisha wakati kurasa ziko wazi, sehemu yake iliyokuwa imepandikizwa ndani ya kurasa hizo hubaki yatima: kiini chake kimebadilishwa, nayo haijui pa kupeleka ujumbe. Alama ipo, imewashwa, lakini kwenye ukurasa hakuna kinachotokea. Kupakia ukurasa upya hutosha. Ikishindikana, kivinjari kifungwe kabisa, madirisha yote, na kufunguliwa tena.

Tatizo likibaki, kinachofuata ni kusoma. Kwenye upau wa anwani iandikwe about:addons kwa Firefox, chrome://extensions kwa Chrome, au edge://extensions kwa Edge. Orodha itafunguka, na mara nyingi maelezo yako hapo chini ya jina la kiendelezi, yakiwa yameandikwa kwa maneno ambayo watu huyaruka kwa haraka yao. Ujumbe kwamba kiendelezi hakitumiki tena humaanisha mfumo wake umeachwa, na hakuna ufundi wa nyumbani utakaokirudisha. Ujumbe kwamba hakikuthibitishwa hurudisha kwenye habari ya vyeti. Ujumbe kwamba huenda faili zake zimeharibika huja, kwenye Chrome, pamoja na kitufe cha kukarabati, na kitufe hicho ndicho cha kubofya, si kile cha kuondoa.

Sababu ya kawaida kuliko zote huenda ni ya ruhusa. Toleo jipya la kiendelezi linapoomba mamlaka zaidi ya lile la awali, kwa mfano kusoma kurasa zote badala ya tovuti moja, Chrome hukizima hadi mtumiaji akubali. Firefox hubakiza toleo la zamani na kungoja jibu. Katika hali zote mbili kivinjari kinafanya lililo sahihi, na anayeulizwa anapaswa kusoma ombi kabla ya kukubali. Kiendelezi cha kubadilisha rangi ya ukurasa hakihitaji kujua mtu anatembelea benki gani.

Ruhusa nyingine ni ya mahali. Kiendelezi kinaweza kuwa kimewashwa lakini kimeruhusiwa kufanya kazi kwenye tovuti fulani tu, au pale tu kinapobofywa. Katika dirisha la faragha, Chrome hakiruhusu kiendelezi bila idhini ya pekee, na Firefox ilichukua desturi hiyo tangu toleo la 67, Mei 2019. Mtu aliyezoea kusoma habari katika dirisha la faragha anaweza kuhangaika saa nzima na kiendelezi ambacho katika dirisha la kawaida hakina kasoro yoyote.

Yakiisha hayo, kinachobaki ni mgongano. Vizuia-matangazo viwili katika kivinjari kimoja hugombana, na sasisho la kimoja linaweza kukinyamazisha kingine. Njia ya kumpata mkosaji ni ya kupunguza nusu kwa nusu: vizimwe nusu ya viendelezi vingine, kisha lijaribiwe. Tatizo likiondoka, mkosaji yumo katika nusu iliyozimwa. Kwa viendelezi kumi na sita, majaribio manne humfichua. Kuzima tu, tena, hakuna kinachofutwa.

Kompyuta yenye saa isiyo sahihi inastahili kutajwa peke yake. Betri ndogo ya ubao-mama ikiisha, mashine iliyokaa bila umeme huamka ikidhani ni mwaka wa zamani, na vyeti vya tovuti huonekana kuwa bado havijaanza kutumika. Kurasa salama hugoma na masasisho hayashuki. Mwaka 2019 baadhi ya watu walirudisha saa nyuma makusudi ili wakidanganye kivinjari. Hila hiyo ilirudisha viendelezi, lakini ilivuruga mambo mengine yote yanayotegemea tarehe.

Kunakili kabla ya kugusa

Aliye na kitu cha thamani ndani ya kiendelezi anakili wasifu wote wa kivinjari kabla ya kujaribu lolote zaidi ya kuzima na kuwasha. Kwenye Chrome, ukurasa wa chrome://version huonyesha njia ya folda ya wasifu. Kwenye Firefox, about:support ina kitufe cha kuifungua. Kivinjari kifungwe, kisha folda nzima inakiliwe mahali pengine. Nakala hiyo inabeba manenosiri na alama za kuingilia kwenye akaunti, kwa hiyo haifai kuachwa kwenye flashi ya kuazima wala kwenye kompyuta ya duka la intaneti.

Viendelezi vingi makini vina pia kitufe cha kutoa nakala ya mipangilio yake. Ubaya ni kwamba kitufe hicho hakifikiki kiendelezi kikiwa kimezimwa. Kinafaa kutumiwa kabla ya siku ya msiba. Kwa watunza-manenosiri ambao hazina yao iko kwenye seva, hofu ni ndogo, maana kuingia upya hurudisha kila kitu. Kwa pochi za fedha za kidijitali kama MetaMask, ambazo hutunza hazina ndani ya kivinjari, kukifuta kiendelezi bila kuwa na maneno ya siri ya urejeshaji kunaweza kuwa ndiyo kwaheri ya fedha hizo.

Wengine hufikiria kurudi kwenye toleo la zamani. Kwa kiendelezi chenyewe, duka la Firefox hutunza matoleo yaliyopita, na mtumiaji anaweza kuchukua la nyuma na kuzuia lisijisasishe. Duka la Chrome halina orodha hiyo. Kurudisha nyuma kivinjari ni jambo zito zaidi. Tangu toleo la 67, Firefox ya zamani hukataa kufungua wasifu uliokwisha kutumiwa na toleo jipya na badala yake hupendekeza wasifu mtupu, na mwenye kompyuta, akiona alamisho zote hazipo, huamini amepoteza kila kitu. Hajapoteza, wasifu wa kwanza bado upo na hufunguka tena kwa toleo jipya. Hata hivyo, kivinjari cha zamani hubaki na mianya ya usalama iliyokwisha kutangazwa hadharani, na hakuna kiendelezi kinachostahili bei hiyo.

Pale kufuta kunapokuwa sahihi

Kanuni ya kutofuta ina upande wake wa pili. Wakati mwingine kivinjari hukizima kiendelezi kwa sababu kimegeuka adui. The Great Suspender, kiendelezi kilichopumzisha vichupo visivyotumika ili kuokoa kumbukumbu ya kompyuta, kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni mbili. Mwaka 2020 mtengenezaji wake alikiuza kwa mmiliki asiyejulikana, na Februari 2021 Google ilikiondoa dukani na kukizima kwa watumiaji wote, ikisema kina programu hasidi. Vichupo vilivyokuwa vimepumzishwa vilitoweka mara moja. Waliojua walivipata tena: katika historia ya kivinjari, anwani ya kila kichupo kilichopumzishwa ilibeba mwishoni anwani halisi ya ukurasa, nayo iliweza kunakiliwa na kufunguliwa.

Desemba 2024 ilikuwa zamu ya kampuni ya usalama wa data ya Cyberhaven. Mfanyakazi wake alihadaiwa kwa barua pepe ya ulaghai mkesha wa Krismasi, na wavamizi wakapandisha dukani toleo lenye sumu la kiendelezi cha kampuni hiyo, lenye nambari 24.10.4. Vivinjari vililipokea vyenyewe, kama vinavyopokea sasisho lolote, na watumiaji hawakubofya kitu. Viendelezi vingine kadhaa vilikumbwa na kampeni hiyohiyo.

Kwa hiyo, ujumbe unaotaja programu hasidi hauzungumziwi kwa njia moja na ule unaotaja ruhusa au cheti. Hapo kiendelezi hakiwashwi tena hata kama kivinjari kinatoa nafasi hiyo. Kinachohitajika hunakiliwa kutoka kwenye historia, kiendelezi hufutwa, na manenosiri ya akaunti zilizofunguliwa katika kipindi hicho hubadilishwa, ikiwezekana kwa kutumia kifaa kingine.

Kwenye simu

Wasomaji wengi hawatumii kompyuta bali simu, na huko habari ni fupi. Chrome ya Android haikujengwa kwa ajili ya viendelezi, hivyo kile kinachoonekana kwenye kompyuta hakitafuata akaunti hadi kwenye simu. Firefox ya Android ilikuwa navyo kwa muda mrefu, lakini Agosti 2020 ilijengwa upya na kubakiza vichache vya kuhesabika. Waliosasisha simu zao wiki hiyo walipoteza vingine vyote. Mlango ulifunguliwa tena Desemba 2023, kwa kuanza na viendelezi zaidi ya 400. Aliyekata tamaa mwaka 2020 anaweza kukikuta kile alichokizoea, mradi mtengenezaji wake amekiandika upya kwa ajili ya simu.

Kwa aliyejaribu yote bila mafanikio, mtu wa kuandikiwa ni mtengenezaji wa kiendelezi, ambaye anwani yake huwa kwenye ukurasa wa kiendelezi hicho dukani. Malalamiko kwamba "hakifanyi kazi" hayamsaidii. Anachohitaji ni nambari ya toleo la kivinjari na la kiendelezi, aina ya mfumo wa kompyuta, maneno kamili ya ujumbe ulioonekana, na anwani ya ukurasa mmoja ambako tatizo hutokea kila mara.